Wimbi la Majaribio

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na wewe unayefunga mizigo kwenda kusoma mbali na mji wetu wa Baraka, naomba uisikie.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi Ulaya kwenye mtambo wa kunasa mawimbi ya mvutano, yale yanayotokea nyota nzito zinapogongana huko mbali. Miale ya leza ilikwenda na kurudi kati ya vioo, ndani ya mabomba marefu. Sisi tulikuwa tukiituliza mashine na kupima inasikia hadi umbali gani. Upepo ukivuma au lori likipita, vioo vinatikisika, tunaanza upya. Miaka ikapita hatujasikia kitu.

Huku nyumbani mama alikuwa akipanda mlima kutafuta rezo, apate mtandao wa simu. Mimi nilimpigia mara chache. Nilitaka nimpigie nikiwa na jambo kubwa, aone sikumwacha bure.

Asubuhi ile mchoro ukapanda kwenye skrini, mzuri, kama ule tuliofundishwa kuwa ni wa wimbi. Watu wakakumbatiana. Nikashika simu. Mkuu wa zamu, mama mmoja mwenye mvi, akaniuliza nampigia nani.

"Mama yangu. Nimwambie tumesikia."

"Bado hatujui tumesikia nini. Wakati mwingine wakubwa wa kazi husukuma vioo kwa siri, litokee wimbi la uongo, watupime sisi na mashine. Lakini mpigie. Habari za nyota ziache, muulize za kwake."

Nikampigia.

"Mutoto wangu! Uko unakula muzuri? Huku mvua imeozesha mihogo, lakini ndagala ya ziwa iko mingi. Dada yako amezaa. Utakuya siku gani? Mi niko na hamu ya kukuona tu."

Nikamwambia bado sijajua.

Miezi kadhaa baadaye tukaambiwa lilikuwa jaribio kweli. Tulisifiwa kwa kuwa hatukukimbilia kutangaza. Wimbi lenyewe lilikuja baadaye sana, mama ameshazikwa huku kwetu Fizi. Wenzangu waliwapigia wa kwao. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye nyasi, natamani sauti ile iniulize kama nimekula.

Basi, mwanangu, kazi yako ipime kwa ukweli, hata jibu likikunyima furaha. Lakini usingoje ufanikiwe ndipo uwakumbuke wa kwenu. Wapigie hata siku ambayo huna la kusema.

Mungu akutangulie njiani, akutunze ugenini, na siku utakaporudi, ukute nyumbani kuna mtu wa kukufungulia mlango.