Mbunge wa Marekani Niliyemleta Mount Druitt

Habari hii siisimulii mbele ya watu wa Mount Druitt, huku kwetu Sydney, Australia, maana wao walikuwepo na hawahitaji kukumbushwa, na nikiisimulia kwingine huwa naikatia pale panapochekesha, lakini leo wacha niitoe yote, na mkishacheka mjue kuna mama mmoja ambaye nikimwona dukani mpaka leo nahamia foleni nyingine.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Rooty Hill, kuogesha, kuvisha, kulisha (diploma yangu ya uhasibu ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda), na Jumapili nilikuwa katibu wa jumuiya yetu, Wakenya wachache na Warundi wengi waliotoka kambi za wakimbizi za Kigoma. Cheo hicho nilikipenda, jamani. Kuitwa "Katibu" baada ya wiki nzima ya kuitwa kwa kengele, hiyo raha siwezi kuwaeleza.

Mmoja wa wazee wangu alikuwa Mmarekani, Bwana Dale, aliyeletwa Sydney na binti yake baada ya kufiwa na mke. Kila asubuhi nikimsugua mgongo alinipa maisha yake kwa awamu: alifuga ng'ombe, akafundisha watoto Biblia kanisani, kisha akakaa miaka kumi na minane kwenye bunge la jimbo lao kwa chama cha wahafidhina, akipiga kura ya hapana kwa kodi, hapana kwa kamari, hapana kwa pombe siku ya Jumapili. Na kiti chenyewe alikipoteza kwa sababu ya kiwanda cha nyama kilichotaka kufungwa. Wafanyakazi walimwomba aahidi hakitafungwa, akawaambia hana uwezo huo, mpinzani wake akaahidi, akashinda, na kiwanda kikafungwa vilevile. Mimi nilikuwa naitikia "ehee" huku nikitafuta taulo.

Sasa, jumuiya ilikuwa inatimiza miaka mitano, na Wakongo wa Auburn walikuwa wamefanya sherehe yao wakaleta diwani, wakatusimanga mwezi mzima. Kwenye kikao mwenyekiti akauliza sisi tutamleta nani, watu wakatazama sakafu, na mimi (huu mdomo wangu!) nikasema kuna mbunge namfahamu. Mbunge wa wapi? Nikasema wa Marekani. Kwamba ni wa jimbo, kwamba amestaafu, kwamba mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati, hayo nikayaacha. Nilijiambia sijadanganya, nimefupisha tu.

Wiki haikuisha, bango likawa tayari, KARIBU MHESHIMIWA MBUNGE WA MAREKANI, herufi za dhahabu. Mambo yakaanza kunizidi. Watu niliokuwa nawasalimia kwa mbali wakawa wananipigia simu, mwenye kaka Kigoma, mwenye shangazi Bujumbura, na wote niliwajibu kwa sauti nzito kwamba mheshimiwa atawasikiliza. Ningeweza kusema ukweli kwenye simu ya kwanza. Sikusema.

Halafu akaja Mama Espérance. Huyu alikuwa anasafisha maofisi, na binti yake Furaha alikuwa amebaki kambini, walipotezana siku za kuhojiwa kwa ajili ya kuja Australia. Furaha alikuwa anakaribia miaka kumi na minane, na mama alikuwa ameambiwa kwamba akishaifikisha hahesabiwi tena kama mtoto, kumleta itakuwa kazi kubwa. Alikuwa amengoja miezi mitatu kupata nafasi kwa mwanasheria wa bure kule Auburn, na nafasi yenyewe ikaangukia Jumamosi ya sherehe, saa ileile. Akaniuliza aende wapi. Nami, Katibu, nikamjibu, "Njoo kwa mheshimiwa, mama. Wanasheria wapo kila siku."

Jumamosi Bwana Dale aliingia ukumbini na kile chuma chake cha kutembelea, tai shingoni, vigelegele, kwaya, pilau, akafurahi masikini kama siku ya harusi yake, maana alidhani amealikwa tu kama rafiki yangu. Kwaya ilipokaa watu wakapanga foleni na bahasha zao. Wa kwanza alikuwa Mama Espérance. Akapiga magoti, akampa mzee picha ya Furaha, akaeleza, nikatafsiri.

Mzee akaitazama picha muda mrefu, akamwinua mama kwa mkono, akajibu kwa Kiingereza, polepole. Nikaona macho yote yako kwangu, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mheshimiwa ameguswa sana, anasema atalishughulikia."

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Wakarukaruka. Kisha Njeri, nesi tuliyefanya naye kazi, akasimama kule nyuma akangoja kelele zitulie.

"Wekesa, tafsiri vile amesema."

Wakenya wote walikuwa wameshaelewa, ila waliona haya kwa niaba yangu. Mzee akaniuliza nimewaambia nini, nikaanza kunyoosha tai yake, na hapo akaelewa. Akarudia maneno yake sentensi moja moja, akinisubiri niseme kila moja, na sauti yangu ikawa inazidi kushuka.

"Mama, pole sana. Mimi nilikuwa kwenye bunge la jimbo, tulitunga sheria za barabara na mifugo. Sijawahi kuwa na uwezo wa kumwingiza mtu nchi yoyote. Siku hizi hata kuoga naogeshwa na huyu kijana."

Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Foleni ikayeyuka, bahasha zikarudi mikobani, na pilau ikaliwa kimya. Mama Espérance hakulia wala hakunitukana, alichukua picha yake akaipangusa.

"Ule mzee mimi simjui," akaniambia. "Nilikuja juu yako wewe, Katibu."

Nikamrudisha Bwana Dale kwa gari. Aliniuliza tu kama yule mama amepata usafiri.

Ukatibu niliuacha wiki hiyo. Nafasi nyingine kwa mwanasheria ilipatikana baada ya miezi minne, na siku hiyo nilimpeleka mimi na gari langu, na mkalimani alipokosekana nikaombwa nitafsiri. Swali la kwanza lilikuwa umri wa mtoto.

"Kumi na nane na wiki mbili," mama akasema.

Nikatafsiri vile alivyosema. Mwanasheria akasema watajaribu, nikalitafsiri na hilo vilevile, bila kuongeza. Walijaribu. Furaha bado yuko kule, na mtu akiniomba leo nimtafutie mkubwa wa kumsaidia, namwambia mimi simjui mkubwa yeyote, na namwambia palepale.