Suruali Yangu Mdomoni mwa Mbwa Mwitu

Chekeni mapema mmalize, maana aibu hii ninayo tangu enzi za vijiji vya ujamaa na wala siifichi.

Nilikuwa msaidizi wa bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, pale Bukoba. Mbuzi wa Izigo, kijijini kwetu Muleba, walikuwa wanaliwa, bosi akasema ni mbwa wa wanakijiji wenyewe, wapigwe risasi wote. Nikabisha, nikasema wanyama wanaoonekana kule, wenye madoa na masikio ya mviringo, ni mbwa mwitu, ofisi nzima ikacheka. "Mbwa mwitu Muleba?" akasema bosi. "Lete picha, au bunduki zije Jumatatu."

Basi alfajiri nikachukua kamera ya ofisi nikaenda rweya, ile mbuga iliyo nje ya migomba, nikaona lundo la nyasi ambazo akina mama walikata za kutandika sakafuni Krismasi, nikasema humu ndimo maficho. Lakini umande! Na suruali yangu ya kaki nimetoka kuipiga pasi ya mkaa (mimi na mikunjo ya suruali, mnanijua). Nikaivua, nikaitundika kichakani, nikajichimbia.

Wakaja. Wazuri jamani, kama mtu kawamwagia kahawa na maziwa! Mmoja akainusa suruali, akaivuta, mwenzake akadaka mguu wa pili, nami napiga picha huku machozi yananitoka, sijui ya furaha au ya suruali. Wakaondoka nayo.

Kabla sijajua nifanye nini, nikasikia nyimbo. Akina mama wamefuata nyasi zao! Nikatulia tuli, wakabeba mzigo baada ya mzigo, hadi Ma Koku, jirani yetu, akanyanyua wa mwisho.

"Mawe!" akamwita mama yake kwa Kihaya. "Nyasi zina miguu!"

Walicheka mpaka wakakaa chini, kisha Ma Koku akanifunga kanga yake ya maua, nikapita nayo kijiji kizima.

Picha ziliposafishwa, bosi akaziangalia sana. "Ni mbwa mwitu kweli. Lakini nitajuaje ni wa Izigo?"

Nikamwambia, "Mzee, hiyo suruali mdomoni ni yangu. Waulize akina mama wa Izigo, wote wameniona bila hiyo."

Akatuma mtu kuuliza, wakathibitisha kwa vifijo. Bunduki hazikuja, mbwa wetu wakapona, na picha ikatundikwa ofisini ikiwa na jina langu chini.

Tangu siku ile sijavua tena suruali kazini, hata kwa umande wa namna gani. Ila kila mgeni alipouliza ile suruali ni ya nani, nilisimama mwenyewe kabla bosi hajafungua mdomo.