Sinia Langu Lilivyofurika

Leo nacheka, lakini siku yenyewe sikucheka. Tulikuwa Muyeye, harusini kwa mdogo wangu, tunashindana kukuna nazi za wali. Upande wa bwana harusi wakamtoa Rukia. Wetu wakanisukuma mimi. Nyumbani nakuna nazi mbili huku nasinzia, lakini mtu akikaa mbele yangu na mbuzi yake ya kukunia, sijui huniingia nini. Hata sasa ningependa kujua.

Rukia akanipita. Nikasingizia kwenda msalani, nikapitia jikoni, nikachota nazi iliyokunwa kwa mashine, iliyonunuliwa sokoni, nikaificha ndani ya leso. Watu walipogeuka kumshangilia Rukia, nikaimwaga kwenye sinia langu. Likafurika. Wetu wakapiga vigelegele, nami nikajiona bingwa wa haki kabisa. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi.

Ndipo shangazi yake Rukia akaja na karai kuokota vifuu vitupu vya kuwashia moto. Kwa Rukia akapata rundo. Kwangu akapata vitatu. Akachungulia chini ya kiti changu, kisha nyuma ya mlango.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "nazi zako wewe hazina vifuu?"