Masanduku Mawili Kwenye Kiti cha Nyuma

Kila Mlingoti alipoingia geti la yadi ya magari, wafanyakazi wa pale waligongana viwiko. Si urefu wake waliouona kichekesho, ingawa alikuwa mrefu wa kuinama hata kwenye milango ambayo wenzake hupita na mzigo kichwani. Walichekea masanduku. Alikuja nayo mawili, ya mbao nyembamba, moja kila kwapa. Aliyaingiza kwenye kiti cha nyuma cha gari la kwanza, akajibana katikati yake magoti yakimgusa kidevu, akakaa kimya kama abiria anayengoja safari. Kisha akatoka, akayatoa, akaenda gari la pili.

Dalali wa yadi aliitwa Kiapo, maana hakuweza kutaja hata rangi ya gari bila kuapa. Alimfuata nyuma nyuma, uvumilivu ukamwishia, akauliza kama hayo masanduku ni ya kubebea kuku. Mlingoti akamjibu kwamba ni ya watoto wake. Kiapo akayatazama masanduku, akamtazama mwenye masanduku, akarudi nyuma hatua moja.

"Si wao wenyewe," Mlingoti akasema. "Ni nafasi yao."

Alikuwa seremala wa milango na viti, na mkewe alishona mapazia. Nyumba yao iliishi kwa vipimo, yeye kwa shubiri za mkono wake mrefu, mkewe kwa utepe aliouvaa shingoni kutwa. Ndoa yao ilikuwa na miaka mingi na furaha tele, ila mimba ziliingia na kutoka kabla mtu hajapata wasaa wa kuwapa hongera. Mlingoti alipoijenga nyumba ile aliweka mlango wa mbele wenye mabawa mawili, mpana wa kupitisha kabati zima. Majirani walimuuliza watu wawili wanataka mlango wote ule wa nini. Akawaambia mbao zilizidi. Hazikuzidi. Bawa la kulia lilifunguliwa kila siku, na la kushoto alilitia komeo siku ya kwanza likakaa hivyo hivyo, kwa kuwa hakuna kitu kilichowahi kuingia mle kikalihitaji.

Halafu mimba moja ikakaa. Daktari akapitisha mashine tumboni, akasema mtoto huyu hapa, na wa pili huyu hapa. Mlingoti akauliza, kwa adabu zote, kama mashine haijamwona yule yule mara mbili. Mkewe alicheka mpaka daktari akashindwa kuendelea na kazi.

Walikuja kabla ya siku zao. Kurwa alitangulia akilia, Doto akafuata bila neno, mdogo kiasi kwamba Mlingoti alipomwona aliificha mikono yake mgongoni, asije mtu akampa amshike. Wakawekwa chumba cha joto. Kurwa alikuwa mzima wa afya. Doto naye alikuwa mzima, ila alikuwa na tabia moja: akilala, mara nyingine alisahau kupumua. Kifua kilitulia, midomo ikaanza kubadilika rangi, mpaka mtu amkune wayo. Hapo alikunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa upuuzi, akavuta pumzi, akaendelea na usingizi wake.

Madaktari walisema hali hiyo inaisha yenyewe, na kweli ilikuwa imepungua sana. Wangeweza kuwaruhusu. Lakini nyumbani kulikuwa mbali, kwa barabara ya kupanda na kushuka, na njia nzima ilibidi mtu mzima akae ubavuni mwa Doto, jicho usoni, mkono karibu na mguu. Mama yao akasema mtu huyo ni yeye na hakuna mwingine, na atakaa katikati ili Kurwa asianze maisha kwa kuona ametupwa pembeni. Kwa hiyo gari lilitakiwa liwe na nafasi ya viti viwili vya watoto wachanga, na katikati yake mwanamke mwenye kidonda kibichi cha upasuaji asiyetakiwa kubanwa. Wao walichokuwa nacho ni pikipiki.

Viti vyenyewe vilikuwapo. Dada wa mkewe aliwapa zawadi, vikawekwa juu ya kabati na nailoni zake. Mlingoti alitaka kwenda navyo yadi, avijaribishe kwenye magari yaishe. Mkewe, kutoka kitandani hospitalini, akakataa.

"Viti hivyo havitoki nyumbani vitupu vikarudi vitupu," alisema. "Mimi nimetoka hospitali mikono mitupu mara ngapi? Siku vikitoka, viwe vinakuja kuchukua watu."

Mlingoti hakubishana. Alipanda kwenye stuli, akavipima viti kwa shubiri juu ya nailoni ile ile bila kuifungua, akashuka karakanani akaunda masanduku mawili ya upana na urefu huo huo. Aliyapiga hata msasa, ingawa hapakuwa na wa kuumia. Nailoni ilikuwa nzito, na picha zilizochapwa ubavuni mwa viti hakuziona. Wala hakudhani anazihitaji. Alikuwa ameunda viti tangu utoto wake, na kiti anakijua: kina mbele na kina nyuma, na aliyekikalia hutazama mbele.

Gari lililompendeza lilikuwa la buluu. Kiapo aliapa kwa macho yake, kwa mama yake na kwa chakula alichokula mchana kwamba halijawahi kupata mkwaruzo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hilo la buluu lilikuwa likitembezwa sana, lakini Mlingoti hakuwa akimsikiliza dalali. Alikuwa akisikiliza masanduku. Yaliingia vizuri, yeye akaingia katikati, na pakabaki nafasi ya kupumua. Aliona vichwa viwili vidogo vikichungulia barabara juu ya bega lake, moyo ukamjaa. Wakapeana mikono, akaahidi kurudi kesho yake.

Alikwenda hospitali moja kwa moja. Mkewe alikuwa amelala, na muuguzi wa zamu, mama wa makamo ambaye wodi nzima ilimwita Sista, alikuwa akimbadilisha Doto nepi. Mlingoti akasimama mlangoni. Kila siku alisimama pale hivyo hivyo na kila siku ilikuwa mara ya kwanza. Yeye alijua kazi ya kuunda kitu, jinsi kiungo kisivyokubali mpaka ukibembeleze, jinsi mbao inavyoharibika ukizubaa kidogo tu. Sasa aliona ukucha. Kidole kile kilikuwa chembamba kama kijiti cha kiberiti na juu yake palikuwa na ukucha, umekamilika na ukingo wake mweupe, na vingine vyote vilikuwa hivyo hivyo, na kwa Kurwa tena vyote upya. Nani alikuwa na subira hiyo? Alijikuta amevua kofia.

Sista akamuuliza habari za gari. Alimweleza kwa mikono yote miwili: huku Kurwa, huku Doto, mama katikati, wote wanaitazama njia, baba yao mbele anawaonyesha dunia. Sista hakumkatiza. Alipomaliza, akamwambia asogee.

"Baba mapacha, lete mkono."

Akauchukua mkono wa seremala, akaulaza chini ya kichwa cha Doto, na kwa mara ya kwanza Mlingoti akaubeba ule uzito. Kiwiliwili hakikuwa na kitu. Kichwa ndicho kilikuwa mtoto, na shingo iliyokibeba ilikuwa laini kabisa, haishiki.

"Unasikia kilivyo kizito? Sasa mtazamishe mbele, halafu ukanyage breki ghafla. Mwili utazuiwa na mkanda. Kichwa kitazuiwa na nini?"

Mlingoti akautazama mkono wake chini ya kile kichwa.

"Wanakaa kinyume," Sista akasema. "Wanatazama nyuma, wamelala kidogo. Ukifunga breki, mgongo wa kiti unawapokea wote, kichwa na mwili, kama ulivyompokea wewe hapa. Na wakae nyuma, si kiti cha mbele."

Mlingoti akautoa mkono polepole. Hakuwa mtu wa kuogopa, alishawahi kupasua mbao kwa msumeno ulioachia meno. Lakini pale alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kukaribishwa. Nusura awapakie watoto wake kama watu wazima. Alikuwa amepima kila kitu, shubiri kwa shubiri, akasahau kuuliza jambo moja ambalo hata picha ya ubavuni ingemwambia. Alipotulia, lile neno la Sista lilimrudia, nalo likamshangaza kuliko lilivyomtisha: mtu anaanza safari yake ya kwanza duniani akitazama kule alikotoka, huku mgongo wake umekabidhiwa kwa mwingine.

Kesho yake alirudi yadi na masanduku yale yale, safari hii akiwa ameyapigilia vipande vya mbao chini ili yalale. Aliyageuza. Ndipo mambo yalipoharibika. Sanduku lililolala kinyume linakula urefu wa gari, na gari la buluu halikuwa na urefu wa kuliwa. Sanduku la Kurwa lilisukuma kiti cha dereva mbele, na Mlingoti alipojaribu kukaa, usukani ukaingia katikati ya magoti yake na pua ikakaribia kioo. Wafanyakazi wakaja kutazama. Kiapo akashauri mtoto mmoja apelekwe kiti cha mbele. Mlingoti akakataa. Basi watafute dereva mfupi, Kiapo akasema, akaapa kwamba anaye binamu asiyezidi kimo cha gudulia.

Walijaribu yote. Jeupe lilikuwa pana lakini fupi, jekundu refu lakini jembamba, na lingine lilikubali masanduku likakataa mama. Jua lilipoanza kushuka walikuwa wamefika mwisho wa yadi, ukutani, ambako lilisimama gari refu la rangi ya kadibodi ambalo Kiapo hakulitaja kabisa. Lilikuwa la bendi. Lilibeba ngoma na spika tangu ujana wake, na mbavu zake zilionyesha.

"Hilo si la kuleta watoto wachanga nyumbani," Kiapo alisema, na hakuapa.

Mlingoti alifungua mlango wa nyuma, akaganda. Wenye bendi walikuwa wameking'oa kiti cha nyuma siku walipolinunua, wapate pa kuweka ngoma, na walipoliuza wakakirudisha. Gari lilikuwa limezeeka, na ndani yake kulikuwa na kiti kipana, kitambaa chake kipya kabisa, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia. Akaweka sanduku la Kurwa, likalala. Akaweka la Doto, likalala. Akaenda mbele, akakaa, miguu ikanyooka. Akashika usukani, na magoti hayakuugusa.

Ikabaki nafasi ya katikati. Mlingoti hakuweza kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, akamtazama Kiapo. Kiapo alikuwa mtu wa kitambi. Alipanda, akajiteremsha polepole kati ya masanduku mawili, akakaa, akatoshea. Wafanyakazi wakangoja aseme jambo la kuchekesha. Aliweka mkono mmoja juu ya sanduku la kulia na mwingine juu ya la kushoto, akayatazama, moja, kisha lingine, na kilichompata mle ndani hakuna aliyekijua.

"Ni wakubwa kiasi gani?" akauliza.

Mlingoti akaonyesha mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole. "Doto anaishia hapa."

Kiapo akaupima mkono ule kwa macho. "Hili utalichukua," akasema. "Lakini si leo. Breki zake za nyuma haziko sawa. Niache nizibadilishe kwanza."

Wafanyakazi wanasimulia mpaka leo kwamba hilo ndilo gari pekee aliloliuza kwa kutaja kasoro yake.

Siku ya kuruhusiwa, Mlingoti alichana nailoni, akavifunga viti garini vikitazama nyuma, na Sista akashuka mwenyewe kuvitikisa kimoja kimoja. Mama akaingia katikati, mkono wa kulia kwa Kurwa, wa kushoto umeshika mguu wa Doto ndani ya blanketi. Wakaondoka.

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo hakuna kipimo kilichomwambia. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma, baba aliona migongo ya viti viwili na uso wa mkewe. Watoto hakuwaona. Aliendesha kilima kizima akiutazama uso ule mara moja moja, kama mtu anayesoma saa. Ulikuwa umetulia. Halafu, kwenye mteremko, ukabadilika. Macho ya mkewe yaligandia upande wa Doto, na bega lake likaanza kutikisika, kidole kikikuna na kukuna chini ya blanketi.

"Vipi?" Mlingoti akauliza.

Mkewe aliendelea kukuna. Barabara ilikuwa nyembamba, haikuwa na pa kusimama. Maisha yake yote mikono yake ndiyo iliyorekebisha mambo, na sasa ilikuwa kwenye usukani, haina la kufanya ila kushikilia gari lisiyumbe. Akalishikilia. Akaomba kwa sauti, bila kujua anaomba.

"Amekunja uso," mkewe akasema. Kisha, baada ya kuvuta pumzi yeye mwenyewe: "Amevuta. Nenda, mume wangu. Nenda vivyo hivyo."

Machozi yalimtoka akiwa anaendesha, hakuyafuta.

Walipofika, alivichomoa viti, watoto wakiwa ndani, kimoja kila mkono. Uzito haukuzidi ule wa masanduku. Mkewe alitangulia taratibu akafungua mlango, na Mlingoti, aliyepima kila gari la yadi ile, akakwama mlangoni kwake mwenyewe. Kweli mganga hajigangi. Alijaribu kupita ubavu, kiti cha Doto kikagonga fremu. Akarudi nyuma, akawaza amtangulize mmoja, na hakuweza kuamua nani abaki nje.

Mkewe alikuwa akimtazama. Akalifikia lile bawa la kushoto, akashika komeo ambalo halijawahi kuvutwa, likamgomea, akalivuta kwa mikono miwili na kidonda chake mpaka likalia na kuachia. Bawa likafunguka. Vumbi la miaka yote likawaangukia kizingitini, na mwanga ukaingia hadi ukuta wa ndani.

"Pita nao," akasema.

Mlingoti akapita katikati, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakukumbuka kuinama. Akagonga kichwa. Mapacha hawakuamka.