Mume wa Makanisa Matatu

Wanawake wa mtaa wetu pale Wete, Pemba, walipokaa kulalamikia wake wenza, mimi nilikuwa nikinyamaza kwa maringo. Mke wa padri mie, wa kanisa linaloruhusu mapadri kuoa, ndoa ya kanisani, mume mmoja mke mmoja mpaka kaburini. Nani angeniletea mwenza? Thubutu! Mwaka haukuisha tangu tuvuke kutoka bara nikajua kwamba ninao watatu, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumvuta nywele.

Wa kwanza lilikuwa kanisa la hapo hapo Wete. Wa pili kanisa la Mkoani, la mapolisi, wauguzi na makuli wa gatini. Wa tatu ndiye aliyenitoa roho: kikanisa cha makuti huko mashambani, cha vibarua wa bara waliokuja kupalilia mikarafuu wakasahau kurudi kwao. Wakristo wote wa kisiwa kile, ukiwakusanya, wasingejaza uwanja wa skuli. Lakini mume wangu aliwahangaikia utadhani ni taifa zima.

Kisha ikaja homa ile iliyozunguka dunia. Watu walisema imeshuka na abiria Mkoani, na haikuchelewa kupanda mpaka kwetu. Kila nyumba ilikuwa na anayekohoa. Mume wangu akawakataza waumini kukusanyika. Akasema watu wakae majumbani, kanisa litawafuata huko huko. Uamuzi mzuri, wote waliusifu. Sasa kanisa lenyewe ni nani kama si yeye na baiskeli yake? Mimi nilipika uji wa tangawizi tangu alfajiri, yeye akafunga debe la uji nyuma ya baiskeli, akapotea. Akirudi, jioni nyingine hata kuongea hawezi. Wagonjwa wa watu walinywa uji wangu na kusikia sauti yake, mimi nikabaki na sufuria la kusugua.

Binti yetu naye akaugua. Baba yake alimshika paji la uso, akamwombea, akamnywesha maji, kisha akaanza kutafuta kofia.

"Unakwenda wapi na mwanao anawaka moto?" nikamuuliza.

"Mke wangu, hapa upo wewe. Kule kuna watu hawana mtu."

Jibu gani hilo jamani? Yaani kosa langu ni kuwepo! Mtoto alipona, Mungu mkubwa, lakini neno lile lilinikaa rohoni.

Jirani yangu alikuwa Bi mmoja mtu mzima, mke mkubwa wa mfanyabiashara wa nazi, mwenye wenzake wawili. Siku moja alinikuta uani nimekunja uso, akaweka chini kapu lake.

"Shoga, weye una dhiki kunishinda miye," akasema. "Mume wangu ana wake watatu, lakini zamu yangu ikifika analala kwangu, hata mvua inyeshe vipi. Akikosa namfikisha kwa kadhi. Weye zamu yako lini?"

"Sisi hatuna zamu, Bi."

"Lahaula! Basi umeolewa kufanya nini?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka.

Homa ikapita, ikaacha makaburi na vikohozi virefu. Nikasema haya, sasa nitapata mume. Ikaja siasa! Nani asiyekumbuka miaka ile Pemba? Watu wa chama hiki hawanunui duka la watu wa chama kile. Salamu ilikufa njiani. Wanawake walipewa talaka kwa sababu ya kura. Na waumini wetu, wachache vile, nao wakagawana. Mkoani wa chama kimoja walikataa kunywa kikombe cha Bwana baada ya midomo ya wenzao. Mume wangu akakifungia kikombe kabatini. "Kikombe ni kimoja," akawaambia. "Siku mtakayokitaka wote, nitakitoa." Kisha akaanza upya kuzunguka nyumba kwa nyumba, huku anakunywa chai, huku anakula muhogo, asije akaambiwa ana upande.

Huko mashambani kibarua mmoja alifiwa na mtoto, na wenzake wa chama cha pili hawakutokea mazikoni. Mume wangu akavua kanzu, akachukua jembe, akaanza kuchimba kaburi mwenyewe. Wakaona haya. Wakaja mmoja mmoja kumpokea jembe, mpaka wakajikuta wanachimba pamoja. Habari hiyo niliambiwa na watu, kwa sifa nyingi. Nilichokiona mimi ni viganja vyake vilivyochubuka, na juu yake kafungwa kipande cha kanga. Kanga si yangu.

"Nani kakufunga?"

"Mama mmoja pale. Kachana kanga yake, maskini."

Maskini! Nikaifungua papo hapo, nikaitupa motoni, nikamfunga ya kwangu. Nilimkaza mpaka akaguna.

Ghasia za uchaguzi zilipolipuka Unguja, vibarua wetu wakaogopa kulala majumbani mwao. Mume wangu akaenda kulala nao kanisani. Wiki ya kwanza nikavumilia. Wiki ya pili nikajifunga kanga mbili, nikamfuata mzee wa kanisa dukani kwake, fundi cherehani, mtu wa heshima zake.

"Shikamoo mzee wangu. Nimekuja kudai zamu."

"Marahaba mama. Zamu ya nini?"

"Ya mume. Nyinyi mna siku zake zote, mimi sina hata moja."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali ya cherehani. "Mama, sisi ni Wakristo. Zamu ni mambo ya wenzetu."

"Wenzetu wana haki kuliko mimi. Nipeni siku yangu, au nasimama Jumapili mbele ya watu wote niidai."

Alijua kwamba nitasimama kweli. Wakakaa wazee wa makanisa yote matatu, wakanipa Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza nikapika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Mume wangu akakaa barazani amenyooka, mtu utadhani kaitwa polisi. Kabla wali haujaiva wakaja watu wa Mkoani, wa chama hiki, na malalamiko yao. Hawajamaliza chai, wakaja wa chama kile. Padri si yupo nyumbani Alhamisi? Habari zilikwishaenea. Wali wangu ukaliwa na wenza wangu wote, na mimi ndiye niliyewapakulia.

Mvua za masika zilimmaliza. Akaangushwa na homa, akalala kitandani bila nguvu ya kuinua kikombe. Nitasema kweli: hofu ilinishika, na chini ya hofu kulikuwa na furaha. Nikafunga mlango. Nje makanisa yote matatu yalijaza ua wangu, vyama vyote viwili juu ya mkeka mmoja, wanasali pamoja. Wanawake walilia kwa sauti kunishinda. Nikayachukia machozi yao. Nani kawaruhusu kumlilia?

Mchana wa siku ile homa ilipopanda sana, alifumbua macho akanitazama. Macho yalikuwa yake, lakini hayakunijua.

"Mama," akaniita, kwa ile sauti ya upole aliyokuwa akiwapelekea wagonjwa, ambayo mimi niliisikia kwa kuhadithiwa tu. "Pole mama. Umeugua tangu lini?"

Nikamjibu, "Tangu nifike Pemba, Padri."

"Pole sana," akasema. Akauinua mkono wake kwa taabu, akaniwekea kichwani, akaanza kuniombea. Hakuwa na haraka. Alimwambia Mungu kwamba mama huyu amechoka, kwamba amekaa peke yake muda mrefu, amtazame. Nililia mpaka shuka likalowa, naye hakuuondoa mkono.

Alipopona hakukumbuka hata neno moja, akapanda baiskeli akaenda Mkoani kufungua kabati la kikombe, maana sasa walikitaka wote. Mimi ninakumbuka yote, na mpaka leo namwonea wivu mama yule aliyeombewa.