Zuhura Alipopanda Jukwaa Nililolichora

Usiku ule sikulala nikitarajia mgeni, sembuse mgeni wa makaburini. Nililala na hasira ya penseli. Mwalimu mkuu alikuwa amenitwisha kazi ya kuchora jukwaa la washindi ili fundi Bakari alitengeneze kabla ya mashindano ya shule, na mimi kuchora sijui. Nafundisha hesabu na michezo. Nikichora ng'ombe ubaoni, watoto huuliza ile meza ni ya nani. Lakini hakuna aliyezaliwa anajua, nikachukua rula nikaanza. Masanduku matatu yaliyobanana: la kati refu, la pembeni fupi kidogo, na la tatu fupi zaidi. Nikayapa namba. Vipimo nikavitoa kichwani, kwenye jukwaa la enzi zetu tulipokuwa wanafunzi hapo hapo shuleni. Nikaupiga mchoro picha kwa simu, nikamtumia fundi. Akajibu kwamba asubuhi anakata mbao.

Usingizi ukanichukua, na mara niko uwanjani. Jua ni kali, nyasi zimekauka. Zuhura anakuja akikimbia.

Zuhura huyu tulimzika mwaka jana. Mikono yangu hii ilikuwa miongoni mwa iliyomwosha. Alikuwa na sura yake ya utu uzima, ya mama wa watoto, lakini amevaa sketi ya shule, miguu peku, kama siku ile tuliposhinda mbio za kupokezana vijiti. Tulikuwa wasichana wanne. Mimi nilianza, yeye alimalizia.

Sikumuuliza amefikaje. Ndotoni mtu haulizi. Akanishika bega, na mbele yetu pakawa na jukwaa. Jukwaa langu! La penseli, na lile doa la raba kwenye namba mbili. Zuhura akacheka, akapanda. Namwona anaweka mguu juu ya namba moja, na mguu haupati pa kutua. Anazama. Anazama mpaka kiunoni, mpaka kidevuni, ndani ya sanduku nililolichora mimi, na macho yake yananitazama.

Nilipiga yowe. Kumzika mara moja hakukutosha, sasa nimemchimbia shimo la pili kwa rula!

"Mwajuma," akasema humo ndani, kwa utulivu kabisa, "umechora ukuta. Mtu hasimami juu ya ukuta."

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimechora upande wa mbele tu. Sehemu ya juu, pale pa kukanyaga, sikuiwekea hata mstari.

"Siku ile uliliona ukiwa chini," akasema.

Na siku ile ikawa imefika, tumo ndani yake. Ubao wa juu wa namba moja ulikuwa mwembamba, unatosha wasichana watatu waliobanana. Mwalimu wa michezo akaniambia, "Wewe mdogo, simama hapo mbele, picha itakuchukua tu." Nikasimama chini, kisogo changu kikigusa namba. Zuhura aliinama akaninyooshea mkono nipande, mwalimu akamwamuru aushushe. Nikapiga makofi kama wengine wote. Sikuona kama nimeonewa, nilidhani ndivyo majukwaa yalivyo.

Sasa tuko jikoni kwangu. Sijui tumeingia vipi. Sufuria iko motoni, na Zuhura ametoka shimoni, amesimama karibu na kabati la vyombo, mkono ameunyoosha.

"Nipe penseli."

Bibi yangu alitufundisha sote wawili, tukiwa tumekaa naye mkeka mmoja, kwamba marehemu akikupa kitu ndotoni pokea, ni heri. Akikuomba, usimpe, maana utamfuata. Zuhura alijua hilo kama nilivyolijua mimi. Na penseli ilikuwa kiganjani mwangu. Nampenda Zuhura, nimemkosa mpaka nimechoka, na wakati huo huo nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote. Nikaificha nyuma ya mgongo.

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mwoga wewe. Haya, basi pokea."

Akanitia kitu mkononi. Kilikuwa kipande cha chaki, baridi kama maji ya mtungi.

"Anza na miguu," akasema. "Jukwaa lifuate miguu."

Nikapiga magoti, nikachora nyayo sakafuni. Kwanza zake. Kisha za wenzetu wawili. Nikainuka, nikapangusa mikono, nikijua nimemaliza.

"Endelea," akasema.

Nilitazama sakafu. Sikujua niendelee na nani. Nikamgeukia nimuulize, na pale alipokuwa hapakuwa na mtu.

"Mama Salma! Mama Salma! Unalia nini?"

Mume wangu alikuwa ananitikisa. Nilikuwa nimelowa jasho, kulikuwa kunapambazuka. Nikamsimulia. Habari za jukwaa hakuzijali hata kidogo.

"Alikupa, au alichukua?" akauliza.

"Aliomba. Sikumpa. Kisha akanipa yeye."

"Alhamdulillahi," akasema, akajilaza tena, ila mkono wangu hakuuachia.

Nilijitoa taratibu, nikaitafuta simu. Fundi Bakari alipopokea, nyuma yake nilisikia msumeno.

"Fundi, usikate! Usikate ubao wa juu!"

"Kuna nini tena, mwalimu? Ndio naanza. Vipimo vyako viko sawa, watoto watatu wanasimama bila taabu."

"Timu ya vijiti ni wanne. Kuna mmoja nimemsahau."

"Nani?"

Nilitaka kusema Asha, yule mdogo kuliko wote kwenye timu yangu, anayeanza mbio kama nilivyokuwa nikianza. Jina lake lilikuwa mdomoni kabisa. Likatoka jingine.

"Mimi," nikasema, na kilio kikanishinda.

Msumeno ulinyamaza.

"Basi njoo, mwalimu," akasema fundi. "Nitaulaza ubao chini usimame juu yake, tuone upana."