Mjomba Ekal Alipokuja Jikoni

Jiko la shule yetu lilinuka moshi wa mgunga na maharagwe yaliyoinjikwa tangu alfajiri, na harufu hiyo ilining'ang'ania kwenye sare hadi kanisani. Mama ndiye aliyekuwa mpishi. Ilikuwa shule ya msingi ya Kikatoliki pembeni mwa mji wa Kakuma, na tulisoma pamoja, sisi Waturkana na watoto wa kambini waliokimbia vita Sudan Kusini. Katika darasa la sita niliketi dawati moja na Nyandeng, msichana mrefu, mpole, ambaye nilimfundisha kusalimu kwa Kiturkana, "ejok," mpaka wenzangu wakaacha kumcheka. Kati ya shule na kambi ulipita mto Tarach, ambao karibu mwaka mzima ulikuwa mchanga mtupu.

Kwaresima ya mwaka huo kiangazi kilikaza na kuni zikawa adimu. Watu wa mjini na wa kambini walizigombania huko porini, mwanzoni kwa maneno. Kisha asubuhi moja mjomba wangu Ekiru, mdogo wake mama, alikatwa panga mkononi na vijana wa kambini. Walimkimbiza hospitali ya Lodwar akivuja damu, na kabla ya saa nne uvumi ukafika shuleni kwamba amekufa. Watoto wa mjini wakakimbilia makwao, lori likaja kuwachukua wa kambini kabla ya kisasi, na sista mwalimu mkuu akapanda nao ili asiwaache peke yao njiani. Katika kukurupuka kule hakuna aliyemkumbuka Nyandeng, aliyekuwa amelala na malaria kwenye chumba cha nyuma ya ofisi. Mimi ndiye niliyemkuta, amejifunika leso, akiuliza kwa nini shule imenyamaza.

Mama alimleta jikoni, akamketisha karibu na magunia, akaniambia niendelee kuchambua maharagwe. Nilichambua bila kuona ninachochambua. Nje hapakusikika hata pikipiki moja. Hatimaye tukasikia sauti za wanaume langoni na viatu vya matairi vikikwaruza changarawe. Aliyeingia peke yake, bunduki begani, alikuwa mjomba Ekal, kaka mkubwa wa mama. Nilimpenda mjomba huyo. Siku zote alikuwa akiniletea maziwa ya ngamia, lakini mchana ule sikuweza hata kumsalimu.

Mama alimpa kigoda. Kisha akafanya jambo lililonifanya nitamani kupiga kelele: alimwambia Nyandeng amletee mgeni maji. Nyandeng akainuka na homa yake, akachota kwenye mtungi, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Maji yakamwagikia magoti ya mjomba.

"Huyu ni wa ng'ambo ya mto," mjomba alisema, macho yakiwa kwa mama.

"Ni wa darasa la sita," mama akajibu. "Anaumwa. Kunywa maji, kaka."

Alikaa na kikombe kile mkononi muda mrefu. Mwishowe akanywa. Aliuliza kama Ekiru yu hai, na mama akasema hajui, naye pia anangoja. Mjomba akasimama, akasema Ekiru akifa atarudi. Tulimsikia akiwaambia wenzake langoni kwamba jikoni kuna dada yake na watoto tu.

Sista alirudi jioni akamchukua Nyandeng. Shule ikafungwa, na kila mtu aliyetoka Lodwar nilimtazama usoni kabla hajafungua mdomo. Ekiru alipona, ila vidole vyake havikukunjika tena. Baada ya Pasaka wazee wa pande zote mbili walikutana shuleni, mbuzi akachinjwa, kisha ikasomwa misa. Mjomba Ekal hakuwa Mkristo, akabaki nje karibu na dirisha. Padre aliposema tutakiane amani, baba yake Nyandeng alitoka nje kabisa, akamfuata, akamnyooshea mkono. Mjomba aliutazama. Nilishika ukingo wa benchi mpaka alipoupokea.

Leo mimi ni mwalimu Lodwar. Nyandeng ana duka la nguo Kakuma, na mwanawe anasoma shule ileile, anavuka Tarach kila asubuhi na kukutana na watoto wa binamu zangu, wakisukumana hadi langoni. Hakuna aliyewasimulia, nao hawaulizi. Nawaonea wivu kidogo, kwa sababu mimi, wanaume wakipaza sauti sokoni, bado natafuta kwanza mlango uko wapi. Mwaka jana nilimuuliza mama ilikuwaje hakuogopa siku ile. Alinishangaa.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini aliyekuwa mlangoni ni ndugu yangu. Kama nisingemkaribisha, angeingia kama mtu mwingine."